Ramli Haigeuki Sayansi kwa Kuvaa Koti Jeupe

Kuna maoni yameota mizizi hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, na nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu: walimu, watumishi wa halmashauri, kina mama wa vikoba, hata vijana waliomaliza vyuo. Wanasema kipimo cha kusukuma mkono ni sayansi. Muuzaji wa virutubisho anafika na begi lake, anakodi ukumbi au anakaribishwa sebuleni, anamwita mtu mbele na kumwambia anyooshe mkono usawa wa bega. Anausukuma chini, mkono unagoma. Anamshikisha pakiti ya sukari, anasukuma tena, mkono unashuka. Kisha anampa kopo la vidonge anavyouza, anasukuma mara ya tatu, na mkono unasimama imara kama mwanzo. Watu wanapiga makofi. Wanaambiwa mwili umejibu wenyewe.

Ninayapinga maoni hayo, ila kwanza niyaeleze kama wanavyoyaeleza wanaoyaamini, kwa sababu hawakukurupuka. Wanasema kipimo hiki kina asili ya heshima: kimetoka Marekani, kina vitabu na jina la kitaalamu, kinesiolojia, na hata hospitalini daktari humwambia mgonjwa asukume mkono wake. Wanasema mwili haudanganyi, kwa kuwa mtu mwenyewe anausikia mkono wake ukiishiwa nguvu. Wanasema hii si ramli, maana hakuna tunguri wala mzimu. Wanasema hakina madhara: hakuna sindano wala damu, na hospitali ina foleni, ina gharama, na mara nyingine mhudumu hainui hata uso kukutazama. Mwisho wanasema watu wamepona. Hayo ndiyo maoni, na nadhani sijayapunguza.

Kwanza, asili yake

Ni kweli kwamba kupima misuli kwa mkono kulianzia hospitalini. Kwa kuwa ukweli huo ndio unaobeba uongo wote unaofuata, hapa sitapita haraka.

Kipimo hicho kilizaliwa na polio. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulikuwa unapoozesha watoto wengi Marekani. Huko Boston, daktari wa mifupa Robert Lovett na msaidizi wake Wilhelmine Wright walihitaji kujua msuli upi umekufa kabisa, upi una uhai kidogo, na upi unaanza kurudi. Mwaka 1912 Wright alichapisha utaratibu wa kupima kwa kutumia uzito wa kiungo chenyewe. Je, mtoto anaweza kuinua mguu wake? Akiweza, anauhimili mkono wa mpimaji unaomkandamiza? Lovett huyohuyo ndiye aliyeitwa mwaka 1921 kumpima Franklin Roosevelt, miaka kadhaa kabla hajawa rais, akathibitisha kuwa ni polio. Mwaka 1943, vita kuu ikiendelea, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likatoa alama za kupimia majeruhi wa mishipa ya fahamu, kuanzia 0 hadi 5. Alama ya 0 ni msuli usiotikisika, 3 ni msuli unaoshinda uzito wa kiungo chake, 5 ni nguvu kamili. Alama hizo zinatumika hadi leo. Mwaka 1949 Henry na Florence Kendall wa Baltimore wakaandika kitabu kilichokuja kuwa mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia duniani.

Tazama swali ambalo watu hao wote walikuwa wanauliza. Ni moja tu: msuli huu una nguvu kiasi gani? Hawakuuliza kama figo imechoka wala kama damu ina upungufu wa zinki. Walipima msuli ili waujue msuli, na mshipa wa fahamu unaouendesha.

Kipimo hicho cha kweli tunacho hapahapa Tanzania. Katika kliniki za ukoma, mhudumu humwambia mgonjwa afumbe macho kwa nguvu, atanue kidole cha mwisho, ainue dole gumba, apandishe unyayo juu. Anasukuma taratibu kwa kidole, anaandika kwenye kadi kama msuli ni imara, dhaifu au umepooza, kisha anarudia kila mgonjwa anapokuja na kulinganisha. Msuli uliokuwa imara ukionekana dhaifu, maana yake mshipa wa fahamu umeshambuliwa, na mgonjwa akianzishiwa prednisoloni kabla ya miezi sita kupita, mkono unaweza kuokolewa usikunjamane. Kazi hiyo haina makofi wala kopo la kuuza, na inaokoa vidole vya watu.

Sasa njoo Detroit, mwaka 1964. George Goodheart alikuwa mtabibu wa kunyoosha uti wa mgongo, na kitabu cha akina Kendall alikuwa nacho. Alipata kijana ambaye mfupa bapa wa bega lake ulichomoza nyuma kwa sababu msuli unaoubana kwenye mbavu ulikuwa dhaifu. Goodheart akapapasa, akakuta vinundu pale msuli unapojishikiza, akavikanda, na akasema nguvu zikarudi papo hapo. Kama angeishia hapo tungekuwa na hadithi ya bega moja. Hakuishia hapo. Katika miaka iliyofuata aliunganisha kila msuli na kiungo cha ndani, huu wa ini, ule wa tumbo, ule wa figo, na akachukua njia za nguvu za tiba ya Kichina akazipachika juu ya misuli hiyo. Kisha likaja la kumwekea mtu chakula au kirutubisho mdomoni na kusukuma mkono wake ili kujua kama kinamfaa. Mwaka 1973 mwenzake, John Thie, akawaandikia watu wa kawaida kitabu ili wapimane majumbani. Mwaka 1979 John Diamond akatoa kitabu kilichobeba katika jina lake dai lilelile tunaloambiwa ukumbini, kwamba mwili haudanganyi.

Kwa hiyo kipimo cha ukumbini kinadai urithi kwa Lovett na Wright huku kimelitupa swali lao. Wale walipima msuli, hawa wanauliza msuli habari za ini, na hakuna aliyewahi kuonyesha njia ambayo ini linapitisha habari hizo hadi begani. Vyuo vikuu vinavyofundisha kinesiolojia hufundisha jinsi mwili unavyotembea, kukimbia na kuinua mzigo. Kutumia jina hilo kuuzia vidonge ni kujivika heshima ya watu wengine.

Pili, eti mwili haudanganyi

Mkono unashuka kweli, na anayesukumwa mara nyingi hajifanyi. Swali ni nani aliyeushusha.

Simama karibu, usitazame uso wa muuzaji, tazama vidole vyake. Mara ya kwanza anasukuma karibu na kiwiko. Mara ya pili vidole vimesogea hadi kifundo cha mkono. Umbali kutoka begani umekaribia kuwa mara mbili, na nguvu ileile sasa inauelemea msuli karibu mara mbili. Mara ya kwanza amesema "shikilia" kisha akasukuma. Mara ya pili amesukuma na neno pamoja, kabla msuli haujakaza. Mara ya kwanza amesukuma kuelekea katikati ya mwili, na mtu anabaki imara kwa miguu yake. Mara ya pili anasukuma kuelekea nje kidogo, na mtu anayumba. Mara ya tatu aliyesimama amekwisha kulijua zoezi, anakaza mapema, na kopo tayari limo mkononi mwake.

Huenda muuzaji mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Mwaka 1852 William Carpenter wa Uingereza alieleza kwamba mtu akitarajia jambo, misuli yake inaweza kulitenda bila yeye kuamua. Mwaka uliofuata Michael Faraday, mwanasayansi wa umeme, aliwajaribu watu walioapa kuwa meza inasogezwa na roho za wafu. Alipanga vipande vya kadi vilivyogandishwa kidogo kati ya mikono yao na meza, ili aone kipi kinatangulia kusogea. Ikaonekana kwamba mikono ndiyo iliyotangulia. Watu wale hawakuwa waongo, walikuwa wanasukuma bila kujijua.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi: wafiche mpimaji na anayepimwa kilichomo ndani ya chupa. Wapimaji wamejaribiwa hivyo. Mwaka 1988 nchini Marekani wapimaji 3 wazoefu waliwapima watu 11 kwa vitamini A, vitamini C, thiamini na zinki, na majibu yao yakalinganishwa na vipimo vya maabara. Hawakukubaliana wao kwa wao, na hawakukubaliana na maabara. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walitumia sumu ya nyigu iliyofichwa kwenye chupa, na kipimo cha mkono kilitoa majibu yasiyozidi ya kubahatisha. Mwishoni mwa 2010 kampuni ya Power Balance, iliyouza bangili za kuongeza nguvu na usawa wa mwili kwa maonyesho ya kusukumana namna hii, ililazimika kukiri huko Australia kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi unaoaminika.

Kuna jambo jingine linalovunja dai hili kutoka ndani. Mtoto mchanga hawezi kunyoosha mkono ili usukumwe. Wafuasi wa kipimo hiki wana jibu: mama anamshika mtoto kwa mkono mmoja, na mkono wake wa pili ndio unaosukumwa, kisha majibu yanasomwa kuwa ya mtoto. Lakini tuliambiwa mwili wa mtu hujieleza wenyewe. Mkono wa mama umelijuaje tumbo la mwanawe? Na kama unalijua, kwa nini mama yuleyule alikesha usiku mzima bila kujua mtoto analilia nini?

Tatu, eti hii si ramli

Hapa ndipo ninapoumia zaidi kama mtu wa Ufipa.

Tanzania nzima imezoea kuutaja mji wetu kwa uchawi. Ukisema unatoka Sumbawanga, mtu anasogeza kiti. Tumelaumiwa kwa kuamini waganga, na katika mengine lawama hiyo ni ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamchape walipita vijijini Ufipa wakidai kuwafichua na kuwasafisha wachawi, na mwanaanthropolojia Roy Willis aliyekuwa huku wakati huo akaandika habari zao. Watangulizi wao, mchape wa Nyasaland ya miaka ya 1930, walipanga watu mstari na kuwatazama kwa kioo kidogo. Uso wako kwenye kioo ndio uliotoa hukumu. Siku hizi tunao lambalamba, wanaodai kufanya kazi hiyohiyo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, serikali inapiga vita ramli chonganishi, na tunajua kwa nini. Machi 2015, katika kijiji cha Kipeta wilayani Sumbawanga, mtoto wa miaka sita mwenye ualbino alikatwa kiganja cha mkono. Nyuma ya uovu wa namna hiyo yupo mganga aliyemwambia mtu kuwa jibu la shida yake limo katika mwili wa mwingine.

Simfananishi muuza vidonge na muuaji. Ninafananisha njia yao ya kujua. Kuna mtu mmoja mwenye ufunguo, kuna kitu kinachotikisika au kuonekana, kuna jibu la ndiyo au hapana, na hakuna mtu wa tatu anayeruhusiwa kulihakiki. Njia hiyo ndiyo inayoitwa ramli, hata ikifanywa kwenye ukumbi wenye projekta.

Wazande, wa kaskazini mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini, wana kibao cha kusugua kiitwacho iwa. Ni kama kimeza kidogo. Juu yake hupakwa utomvu au maji ya mimea, na kifuniko husuguliwa huku swali likiulizwa. Kikiteleza ni jibu moja, kikinata ni jibu jingine. Evans-Pritchard alikieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1937. Hakina tofauti na mkono unaoshuka au kugoma. Lakini Wazande wenyewe walijua kuwa iwa ni kipimo hafifu, na mambo mazito waliyapeleka kwenye sumu ya benge waliyowanywesha kuku. Hata hapo hawakuridhika na jibu moja. Walirudia kwa kuku mwingine huku swali limegeuzwa, ikiwa jibu la kwanza ni kweli basi huyu wa pili na apone, na majibu yakipingana hawakuyatumia. Wazee hao wa msituni waliitilia shaka ramli yao. Mpimaji wa ukumbini anasukuma mara tatu, kila mara anajua kilichomo mkononi, na saa hiyohiyo anapokea fedha.

Nawauliza wasomi wenzangu waliokaa safu ya mbele: bibi wa Matai akitikisa kibuyu tunamwita mshirikina. Kwa nini kijana wa mjini akitikisa mkono wako unamwita mtaalamu? Kama ni kwa sababu ya koti jeupe na jina la Marekani, basi kinachoheshimiwa pale ni nguo na pasipoti.

Nne, eti hakina madhara

Mkoa wetu wa Rukwa ni ghala la mahindi. Tunalima maharage, ulezi na alizeti, dagaa wanapanda kutoka Kasanga na Kirando, samaki wanatoka Ziwa Rukwa. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Karibu nusu ya watoto hawakui inavyotakiwa, katika mkoa unaopakia mahindi kwenye malori.

Sasa fikiria mama wa watoto hao ameketi ukumbini. Anaambiwa mkono wake umeonyesha upungufu wa madini, na tiba ni kopo. Fedha anayotoa ingenunua dagaa, mayai na karanga za uji kwa wiki kadhaa. Anaondoka na vidonge, na pamoja navyo amebeba imani kwamba lishe ni kitu kinachotoka nje kwenye makopo, wakati maharage ya shambani kwake yanauzwa yote kwa mlanguzi. Somo hilo la uongo litakaa kichwani muda mrefu kuliko vidonge vyenyewe.

Kuna madhara ya upande mwingine: mkono usiposhuka. Mtu mwenye kisukari kilichojificha anaambiwa kongosho lake ni zima. Tone moja la damu, kabla hajala, lingemwambia ukweli: kuanzia milimoli 7.0 kwa lita, na kipimo kikirudiwa kikatoa hivyohivyo, ni kisukari. Yeye anarudi nyumbani amefurahi, na miaka inapita mpaka kidonda cha mguu kinamrudisha hospitali ya mkoa kukatwa. Anayesema kipimo cha mkono hakimwagi damu hajahesabu hilo.

Hoja ya foleni na wahudumu wakali ninaikubali yote. Mgonjwa anayesikilizwa dakika mbili na kuandikiwa karatasi ana haki ya kukasirika, na wasimamizi wa afya wanapaswa kuisikia hasira hiyo. Lakini muuzaji anakusikiliza vizuri kwa sababu unakaribia kununua. Na asidai mtu kwamba tiba ya kweli ni ugeni usiotuhusu. Adrian Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomea udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889 akatibu watu wa mwambao wa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Udaktari umo katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka 130, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwemo mtu mweusi.

Tano, eti watu wamepona

Wamepona, na wangepona. Maumivu ya mgongo huja na kuondoka, mafua huisha, tumbo hutulia. Anayesimama kutoa ushuhuda ni aliyepona. Aliyezidiwa hapewi kipaza sauti. Mwaka 2011 maelfu walipanga magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa Babu Ambilikile Mwasapile, na ushuhuda ulijaa redio zote. Ushuhuda ule haukumzuia mtu aliyeacha dawa zake za virusi vya UKIMWI asirudi hospitali amedhoofika.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa unayealikwa kupimwa. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 inamtaka mtoa tiba asili au mbadala asajiliwe na baraza lake. Omba uone cheti. Kisha omba bahasha 10 zinazofanana, 5 zenye sukari na 5 zenye chumvi, zifungwe na mtu mwingine chumba kingine, na mpimaji aseme ipi ni ipi kwa kukusukuma mkono. Akikataa, chukua mkoba wako uondoke.

La pili ni kwa kila mzazi wa mkoa huu. Mei 2023 serikali ilitangaza kuwa mtoto wa hapa Rukwa amekutwa na virusi vya polio, ugonjwa uleule uliowafanya Lovett na Wright wabuni kipimo cha misuli, na Septemba mwaka huo watoto wa mikoa 6 ya magharibi na nyanda za juu wakapewa matone. Mtoto wako akilegea mkono au mguu ghafla, usimpeleke kwa mtu wa kusukuma mikono, awe na kibuyu au na kopo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Wahudumu watahitaji sampuli mbili za choo chake ndani ya siku 14 tangu alipolegea, na kila siku unayopoteza ukumbini inatolewa kwenye hizo 14.